Alichukua Mwili, Lakini Hakukaa Kwetu: Je, Filamu za Zamani za Anga Zirudiwe?



Wapendwa vijana, somo la leo limezaliwa kwenye ubishi. Kikao chetu kilikuwa kimeisha, tumebaki wachache tunasubiri mvua ipungue. Mmoja akasema: kuna haja gani ya kuangalia muvi ya mwaka 1951, haina rangi, roboti lenyewe unaona kabisa ni mtu kavaa suti, wakati ileile imeshatengenezwa upya mwaka 2008 na Keanu Reeves yumo ndani? Mwingine akamjibu kwamba wanaorudia filamu za zamani ni watu walioishiwa, wanafukua makaburi ili wapate hela. Mvua ikaisha, ubishi haukuisha. Ndipo binti mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi sana, akauliza: "Frateri, sasa na Injili je? Si nayo ni stori ya zamani inayosimuliwa kila Jumapili? Ni lini inabaki ileile, na ni lini inakuwa nyingine?"

Nilimjibu kitu pale pale, maana frateri akiulizwa swali anaona aibu kunyamaza. Lakini jibu langu halikuwa na maana, na nilijua. Kwa hiyo nimerudi kwenye filamu zenyewe, nimeziangalia zote mbili tena, na leo namjibu vizuri zaidi, au angalau kwa uaminifu zaidi.

Filamu tuliyokuwa tunabishania ni "The Day the Earth Stood Still", yaani siku ambayo dunia ilisimama. Ya kwanza iliongozwa na Robert Wise mwaka 1951, ya pili na Scott Derrickson mwaka 2008. Kabla hamjaniuliza frateri anatafuta nini huko: mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa orodha ya filamu 45 zinazostahili kukumbukwa. Ndani yake zimo mbili za kubuni za kisayansi, "Metropolis" ya 1927 na "2001: A Space Odyssey" ya 1968. Basi tusione haya.

Na tusijifanye kwamba sisi tulizipokea filamu za nje zikiwa safi, kama zilivyotoka kiwandani. Wengi wetu tulizijua kwenye kibanda umiza, kupitia sauti ya DJ anayetafsiri, anayewapa wahusika majina ya mtaani, anayetia utani wake katikati ya mapigano. Wazungu wamekaa mezani wanazungumza mambo mazito, DJ anasema wanagombania bili ya umeme. Hata hivyo pale pa kulia tulilia, na pale pa kuogopa tuliogopa. Kwa hiyo anayesema kwamba hadithi ikiguswa tu inakufa, aanze kwa kufuta utoto wake.

Hata hiyo ya 1951 tunayoiita ya asili si ya asili sana. Ilitokana na hadithi fupi ya Harry Bates iliyochapishwa mwaka 1940, na waliotengeneza filamu waliigeuza mno, mwisho wake wakaubadilisha kabisa. Aristotle anafundisha, katika kitabu chake juu ya ushairi, kwamba mpangilio wa matukio ndio kama roho ya tamthilia, na kwamba mambo ya kutazamisha macho, ingawa yanavutia, ndiyo yenye sanaa kidogo kuliko yote. Mtakatifu Tomaso naye anatufundisha kwamba roho ndiyo umbo la mwili: inaupa mwili kuwa kile ulicho. Ukiunganisha hayo mawili, huwezi tena kusema kwamba rangi, roboti bora au mwigizaji mpya vimeiharibu filamu ya zamani. Hivyo ni mwili tu. Swali ni roho imekwenda wapi.

Sasa hadithi yenyewe. Ambaye hajaiona anisamehe, nitaitoboa.

Chombo cha anga kinatua Washington, Marekani. Anatoka mgeni mwenye sura ya binadamu, jina lake Klaatu, na nyuma yake roboti kubwa, Gort. Mgeni anatoa zawadi mfukoni, askari mwenye wasiwasi anadhani ni silaha, anampiga risasi. Hiyo ni dakika za mwanzo tu. Kumbukeni ni mwaka 1951: Hiroshima ina miaka sita tu, Umoja wa Kisovieti umeshajaribu bomu lake mwaka 1949, vita vya Korea vinaendelea. Klaatu amekuja kuwaonya watu wa dunia yote kwa pamoja, lakini wakubwa wa dunia hawawezi hata kukubaliana wakutane mji gani.

Afanyeje? Hapa ndipo filamu ile inaponipendeza kuliko mahali pengine popote. Klaatu anatoroka hospitali, anavaa suti ya mtu mwingine yenye jina la Carpenter, yaani Seremala, kisha anakwenda kupanga chumba. Ndiyo, chumba cha kupanga! Mtu aliyesafiri kutoka sayari nyingine anagonga mlango jioni, anaulizia kama kuna nafasi. Asubuhi anakaa mezani na wapangaji wenzake, nao wanajadili huyo mgeni wa anga ni mtu wa namna gani na amejificha wapi, mama mmoja akiamini kabisa kwamba huyo ni mtu wa hapa hapa duniani (anamaanisha Warusi), na yeye mwenyewe ameketi pale anakula. Kuna mtoto, Bobby, ambaye baba yake alikufa vitani Anzio, Italia. Klaatu anazunguka naye mjini siku nzima. Wanakwenda kwenye kaburi la baba. Wanasimama mbele ya sanamu ya Lincoln. Mgeni hana pesa za kuingilia sinema, anampa mtoto almasi mbili apate dola mbili, na mtoto anaona kama amemwibia.

Baadaye mchumba wa mama yake Bobby anaiona almasi, anapeleka ikapimwe, anagundua mpangaji ni nani, na kwa tamaa ya kujulikana na kutajirika anampigia simu jeshi. Klaatu anapigwa risasi barabarani, anakufa. Roboti lake linakwenda kuuchukua mwili na kumrudishia uhai kwa muda. Anatoka, anasema neno lake mbele ya wanasayansi, anaondoka juu.

Seremala, anasalitiwa kwa ajili ya mali, anauawa, anafufuka, anapaa. Aliyeandika muswada, Edmund North, alisema baadaye kwamba huo ulikuwa utani wake wa siri. Hata mwongozaji na mtayarishaji hakuwaambia. Lakini ofisi ya kanuni za maadili ya filamu ya Hollywood, iliyokuwa chini ya Joseph Breen, Mkatoliki mwenzetu, ilishtuka kuona kiumbe anafufuliwa kwa mashine. Ikataka yaongezwe maneno ya kueleza kwamba uwezo juu ya uzima na kifo ni wa Roho Mwenyezi peke yake. Yakaongezwa. Wapo wanaocheka jambo hilo hadi leo. Mimi sicheki sana. Mstari ule ni wa haraka na umebandikwa, unaonekana kabisa umebandikwa, lakini unasema kweli.

Tukija 2008, nataka kuwa mtenda haki, kwa sababu wengi huisema vibaya bila kuiangalia. Derrickson ni Mkristo na hafichi. Hatari aliyoileta si bomu tena, ni sisi wenyewe tunavyoimaliza dunia: Klaatu amekuja kuiokoa dunia kutoka kwa binadamu. Miaka saba baadaye, mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alitoa "Laudato Si'", na leo hakuna kijana wa Kikatoliki anayeweza kusema kilio cha dunia ni swali la uongo. Kubadilisha bomu kwa mazingira kulikuwa halali. Tena naona kuna jambo moja ambalo filamu mpya inalipita lile la zamani. Mwishoni mwa ile ya 1951, Klaatu anaeleza kwamba sayari zao zimepata amani kwa kuyapa maroboti kama Gort mamlaka yote ya kuadhibu, na kwamba dunia ikipeleka ukatili wake angani itateketezwa; chaguo ni letu. Yaani amani ya kuogopa fimbo. Mtakatifu Yohane XXIII, katika "Pacem in Terris" ya 1963, alifundisha kinyume: amani ya kweli haisimami kwenye usawa wa silaha bali kwenye kuaminiana. Klaatu wa 2008, kinyume chake, amekuja na hukumu tayari mkononi, kisha anaona mama wa kambo na mtoto wakilia pamoja kaburini, na anabadilika. Hakimu anayejifunza huruma. Hilo si dogo.

Kwa nini basi filamu mpya, yenye nia nzuri na swali la kweli, inakuacha umekaa kama uliyekunywa maji ya moto bila majani?

Nimeiangalia mara tatu kutafuta sababu, na nadhani nimeipata. Klaatu wa 2008 anachukua mwili wa binadamu kwa namna ya kina zaidi kuliko yule wa 1951. Anafika akiwa kiumbe tofauti kabisa, kisha chini ya ngozi ile ya ajabu unaumbika mwili wa kibinadamu, damu na nyama, kutokana na chembe za mtu aliyekutana na tufe lao milimani mwaka 1928. Mtu wa imani akiona hivyo anakaa vizuri kwenye kiti! Lakini akishapata mwili, hapangi chumba. Hakai mezani asubuhi na watu wasiomjua. Muda mwingi yuko kwenye gari, anakimbizwa na serikali, huku skrini ikijaa helikopta, na wingu la vidudu vya chuma linakula malori na uwanja wa michezo. Mwinjili Yohane anasema mambo mawili katika mstari mmoja (Yn 1:14): Neno alitwaa mwili, na akakaa kwetu. Filamu ya 2008 ina la kwanza. Ya 1951 ina la pili. Na la pili ndilo linalochukua muda. Kwa Bwana wetu lilichukua miaka kama thelathini ya Nazareti, ambayo Injili zinaipita karibu kimya, na bila hiyo tungekuwa na Mungu aliyepita tu njiani.

Mwangalieni hata umeme. Mwaka 1951 Klaatu anasimamisha umeme wa dunia nzima kwa nusu saa, ila hospitali na ndege zilizoko angani anaziacha. Mtu aliyekaa na watu ndiye anayekumbuka kwamba kuna mgonjwa kwenye mashine. Mwaka 2008 mitambo inazimika mwishoni, kama bei ya kunusurika, na filamu inaisha kabla hatujajua hospitalini kulikuwaje.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba lulu walikuwa nayo mkononi. Katikati ya filamu ya 2008, Klaatu anakutana na mzee mmoja, bwana Wu, kwenye mgahawa wa McDonald's. Mzee Wu ni mwenzake. Alitumwa duniani miaka sabini iliyopita, akaishi kama binadamu, akazeeka. Anatoa ripoti yake: watu hawa ni waharibifu na hawatabadilika. Klaatu anamwambia basi tuondoke. Mzee anakataa. Anasema amewapenda, hawezi kueleza kwa nini, na atakufa pamoja nao. Dakika chache tu, kisha tunarudi kwenye helikopta! Jamani. Hiyo ndiyo ilikuwa filamu! Kama mtu angeniuliza kama hadithi hii irudiwe mara ya tatu, ningesema ndiyo, irudiwe leo, lakini iwe ya mzee Wu: miaka sabini, chumba, kazi, majirani, mazishi ya watu, na ile siku alipotambua kwamba ripoti yake ni ya kweli na bado haondoki.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu kosa hilo nimelifanya mimi. Sikuwa na helikopta, lakini kosa ni lilelile.

Niliombwa kutoa tafakari kwenye jumuiya ndogo ndogo, Injili ikiwa ya Mwana Mpotevu (Lk 15:11-32). Nikataka kuileta kwenye wakati wetu. Kijana wangu aliuza sehemu yake ya shamba, akaenda Dar, akanunua bodaboda, akaanza kubeti, mikeka ikachanika mmoja baada ya mwingine, bodaboda ikauzwa, akaishia kulala kwenye banda la nguruwe la mtu. Vijana walicheka, walijiona. Nilipofika pale baba anapokimbia kumkumbatia, kulikuwa kimya, kuna waliofuta machozi. Nikaona hapa hapa, nikamaliza. Amina. Wakapiga makofi.

Tunatoka, mama mmoja wa makamo akanisubiri mlangoni. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba, Frateri mwanangu. Umesimulia vizuri sana. Ila yule kaka mkubwa ulimpeleka wapi?" Nikasema muda ulikuwa umekwenda. Akatikisa kichwa taratibu. Yeye ni kifungua mimba; wadogo zake wote wako mjini, yeye alibaki nyumbani na kumwuguza baba yao mpaka alipofariki. Akaniambia: "Mimi hiyo Injili huwa naisikiliza nikimsubiri yeye tu. Nataka nisikie baba anatoka nje kumbembeleza na yeye."

Sikuwa na la kusema. Bodaboda haikuwa kosa, na mikeka haikuwa kosa. Kosa ni kwamba nilikata sehemu ngumu, isiyo na makofi, na ndani ya sehemu hiyo kulikuwa na mtu aliyekaa anasubiri.

Ndiyo maana nikiulizwa kama filamu ya zamani irudiwe, siangalii kwanza wamebadilisha nini. Naangalia wameruka nini. Mara nyingi kilichorukwa ndicho kilichowashinda kukibeba.

Kuna mfano wa upande wa pili, nao umefungamana na mwana mpotevu huyohuyo. Mwandishi wa Poland, Stanisław Lem, aliandika riwaya "Solaris" mwaka 1961: mwanasaikolojia Kelvin anafika kwenye kituo kinachoelea juu ya sayari yenye bahari inayofikiri, na bahari ile inamrudishia mke wake aliyekwisha kufa. Riwaya inaanzia safarini kwenda kituoni moja kwa moja. Mrusi Andrei Tarkovsky alipoitengeneza mwaka 1972, alianza kwingine kabisa: nyumbani kwa baba, kijijini, majani yanayotikiswa na maji, farasi, mvua inayonyesha kwenye vikombe vya chai. Dakika nyingi mno, wengine hulala. Na mwisho akarudi palepale: mwana anapiga magoti mlangoni, baba anamwekea mikono mabegani, kama ule mchoro maarufu wa Rembrandt. Kisha kamera inapanda juu, na unaona kwamba nyumba ile ni kisiwa katikati ya bahari ya Solaris. Mwili unakusisimka. Je, amerudi kweli, au bahari imemtengenezea anachotamani?

Lem hakufurahi, aliona Tarkovsky ametengeneza kitu kingine. Kwa haki ya mwandishi, alikuwa sahihi. Lakini tazameni: Tarkovsky aliongeza nyumba, wakati wengine wanaondoa. Mwaka 2002 Mmarekani Steven Soderbergh aliirudia, ikawa ya dakika 99 tu, na nyumba ya baba haimo. Sio filamu mbaya, msinielewe vibaya. Ni filamu ya mume na mke na swali la kusamehewa, na kuna wanandoa wanaopaswa kuiangalia pamoja. Ila nikiimaliza sitaki kupiga magoti popote.

Zipo zilizorudiwa na zikastahili. "Invasion of the Body Snatchers" ya 1956 ni ya mji mdogo ambako binti mmoja anasema mjomba wake si mjomba wake tena: sura ni yake, sauti ni yake, kumbukumbu zote anazo, lakini ndani hamna mtu. Viumbe kutoka angani wamechukua nafasi za watu, na wanaahidi maisha yasiyo na maumivu, kwa sababu hayana upendo. Philip Kaufman aliihamishia San Francisco mwaka 1978, na swali likabadilika lenyewe. Kwenye kijiji unajua mjomba amebadilika. Kwenye jiji ambalo hata jirani yako humjui, utajuaje? Kijana aliyetoka kijijini akaingia chuo kikuu mjini anaelewa nasema nini. Isitoshe, Kaufman alimweka mwigizaji mkuu wa ile ya kwanza, Kevin McCarthy, akikimbia barabarani na kupiga kelele za kuonya kama vile hajapumzika tangu 1956, na mwongozaji wa zamani, Don Siegel, akampa nafasi ya dereva wa teksi. Hiyo ni shikamoo. Ni kupokea kijiti kwa mikono miwili. Filamu hiyo imerudiwa tena mwaka 1993 na 2007. Kwenye hiyo ya 2007 mwishoni inapatikana dawa, watu wanapona, basi, yameisha. Hofu yote uliyoibeba inawekwa chini kama mfuko wa sokoni.

Sasa nirudi kwa dada yetu na swali lake la Injili.

Kwanza tuweke sawa jambo moja, nisije nikaitwa ofisini kwa gombera: Misa Takatifu siyo toleo jipya la Kalvari. Kanisa linafundisha kwamba sadaka ni ileile moja, inafanywa iwepo kwetu, hairudiwi. Swali la kusimulia upya linahusu mahubiri, katekesi, michezo ya Noeli, nyimbo, na haya ninayoandika.

Na huko Kanisa lina uzoefu mrefu kuliko Hollywood. Wataalamu wengi wa Biblia wanakubali kwamba Mateo na Luka walikuwa na Injili ya Marko mbele yao walipoandika. Kila mmoja aliisimulia upya kwa ajili ya watu wake, na Luka anakiri wazi mwanzoni kwamba wengine wameshaandika kabla yake (Lk 1:1-4). Ingekuwa ni Hollywood, Marko angewekwa stoo. Ni fupi, Kigiriki chake si cha kifahari, na mwisho wake unakuacha na wanawake wanaokimbia kwa hofu. Kanisa halikumtupa. Katika karne ya 2 Tasiano aliziunganisha zote nne kuwa simulizi moja laini, isiyo na marudio wala kupishana, na makanisa ya Kisiria yaliisoma kwa miaka mingi. Kitabu hicho hakikuwa na ubaya wa wazi. Lakini karne ya 5 Askofu Theodoreti wa Kuro alikusanya nakala zaidi ya 200 katika eneo lake, akaziondoa, akarudisha Injili nne. Simulizi jipya lilikuwa limekalia kiti cha yale ya kwanza, na watu walikuwa hawamsikii tena Marko akisema kwa sauti yake.

Kwa hiyo dada, jibu langu ni hili: simulizi linabaki lilelile pale anayelisimulia amelipokea kwanza, kama Paulo anavyowaambia Wakorinto kwamba anawapa kile ambacho yeye mwenyewe alipewa (1Kor 15:3), na pale ambapo anayekusikiliza akitaka kurudi kwenye lile la kwanza anaukuta mlango uko wazi. Linakuwa jingine pale unapokata kile kilichokushinda, kisha ukafunga mlango.

Juu ya mlango huo nina neno moja la haraka. Mwaka uleule wa 2008 ambao Klaatu mpya alitoka, huko Buenos Aires iligunduliwa nakala ya "Metropolis" ya Fritz Lang iliyokuwa karibu kamili. Filamu ile ilikatwa muda mfupi baada ya kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1927, na kwa miaka 80 watu walisifia kitu kilichopungukiwa viungo. Nakala ilikuwa imechakaa, ina mikwaruzo kama uso wa bibi. Ikasafishwa, na mwaka 2010 ikaonyeshwa ikiwa na takriban dakika 25 zilizorudi. Hizo dakika 25 bado zina mikwaruzo, hawakuificha. Nikiambiwa nichague pesa ziende kwenye kurudia filamu kumi au kuokoa moja inayooza kwenye kopo, sitafikiri mara mbili.

Jumamosi baada ya kikao tunaangalia zote mbili, kwa kufuatana: ya 1951 kwanza, ni dakika 92, halafu ya 2008. Kila mtu aje na daftari, aandike kila mahali Klaatu anapoketi na mtu bila haraka, kwenye filamu zote mbili, na tutalinganisha kurasa. Mkifika kwa mzee Wu nitasimamisha filamu, mtajadiliana kwa dakika kumi kama mngekuwa yeye mngeandika ripoti gani. Anayetaka kujiandaa asome Yn 1:1-18 na Lk 15 yote, mpaka mstari wa mwisho. Yule mama nimemwalika. Amesema atakuja, ila tusichelewe kumaliza, ana kuku wa kufungia.